Aliyeuza Ngozi ya Dubu

Bei za hisa zikiporomoka kwa asilimia 20 au zaidi kutoka kileleni, wachambuzi husema soko limekuwa la dubu. Wengi hueleza kwamba ni kwa sababu dubu hupiga kucha kuelekea chini, ilhali fahali, jina la soko linalopanda, huinua pembe juu. Maelezo hayo hukaa kichwani kwa urahisi, lakini yanaficha jambo kubwa: dubu wa kwanza hakuwa soko. Alikuwa mtu.

Waingereza wana methali ya kale inayomwonya mwindaji asiuze ngozi ya dubu kabla hajamkamata. Mwanzoni mwa karne ya 18, madalali wa London walikutana kwenye migahawa ya kahawa ya Exchange Alley, hasa ule wa Jonathan's. Baadhi yao waliuza hisa wasizokuwa nazo, wakiahidi kuzikabidhi siku fulani. Waliomba bei ishuke kabla ya siku hiyo ili wazipate kwa bei ya chini. Watu wakawaita wauza ngozi za dubu, baadaye dubu tu. Bunge lilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1734. Iliendelea vivyo hivyo, na sheria ikafutwa 1860.

Siku hizi dubu hukopa hisa kwanza. Tuseme anaiuza kwa 100. Ikishuka hadi 70, anainunua, anamrudishia mwenyewe, na 30 inabaki kwake, ukiondoa ada. Ikipanda hadi 300 bado ni deni, na lazima ainunue. Hapo ndipo penye hatari: anayenunua hisa kwa fedha zake hawezi kupoteza zaidi ya alichotoa, ila hasara ya dubu haina kikomo, kwa kuwa bei haina mwisho wa kupanda.

Ujerumani ilishuhudia hayo Oktoba 2008. Dubu wengi walikuwa wamekopa na kuuza hisa za Volkswagen. Jumapili ya tarehe 26, Porsche ikatangaza kwamba, pamoja na mikataba ya kununua, inadhibiti asilimia 74.1 ya hisa za kura. Jimbo la Niedersachsen lilishika nyingine 20. Zilizosalia sokoni hazikutosha kulipa madeni ya dubu, nao wakazigombania kwa bei yoyote. Hisa iliyokuwa takriban euro 210 siku ya Ijumaa ilivuka euro 1,000 Jumanne, na kwa saa chache Volkswagen ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani.