Saa nne ya baharini ni saa ngapi?

Hebu nikuulize swali la chekechea. Saa nne asubuhi ni saa ngapi?

Cheka tu. Hata mimi nilicheka, kisha nikakaribia kuharibu kazi ya siku nzima baharini.

Mimi niliacha kozi ya upimaji ardhi mwaka wa pili. Hesabu zilinitesa, karo ikanimaliza. Mwaka jana msee mmoja tuliyesoma naye akanipigia: "Kuja Mombasa, kuna kazi ya wiki moja ya kupima kina cha bahari." Usiku huohuo nikapanda basi.

Nilidhani ni kuingia botini, kuwasha mashine na kuzunguka. Wapi! Siku mbili za kwanza hatukugusa maji. Tulikaa mezani tukijiuliza: ni meli gani zitatumia ramani hii, na zinahitaji usahihi gani? Shirika la Kimataifa la Haidrografia, lililoanzishwa 1921, lina viwango vyake, S-44. Mahali finyu kama lango la bandari, kiwango maalum kinataka kosa la kina lisipite takriban sentimita 26 kwenye maji ya mita 10.

Kisha tukachora mistari ambayo boti ingepita, tukaongeza michache ya kuikata hiyo ya kwanza. Nikauliza, hiyo ya kukata ni ya nini? Jamaa akasema, "Utaona."

Mashine yenyewe hutuma sauti chini, hungoja mwangwi na kuhesabu muda. Majini sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, ila joto na chumvi hubadilisha kasi hiyo. Ndiyo maana kabla ya kuanza unateremsha kifaa cha kuipima hapohapo.

Halafu kuna kupwa na kujaa. Mombasa, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa mita 3 hivi. Kwa hiyo kila kina unachopima lazima ukitolee kimo cha maji cha dakika hiyo. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kusoma mti wenye alama uliosimikwa kando ya gati, kuandika saa na kimo.

Saa nne asubuhi, maji yamekupwa, nikaandika 4:00. Saa kumi jioni, yamejaa, nikaandika 10:00. Si ndivyo tunavyohesabu? Kumbe asubuhi ile simu yangu ilisema 10:00, na GPS ya boti, inayofuata saa ya dunia, ilisema 7:00. Wakati ni ule ule, saa ni tatu.

Usiku, aliyeingiza data alisoma 4:00 kama jioni na 10:00 kama asubuhi. Kupwa kukawa kujaa, kujaa kukawa kupwa. Kilichotuokoa ni ile mistari ya kukata. Mahali pamoja, palipopimwa asubuhi na tena jioni, palitofautiana kwa zaidi ya mita 5. Bahari haichimbiki hivyo kwa siku moja.

Tulirekebisha daftari ukurasa kwa ukurasa. Lakini fikiria vipimo vya jioni vingepita hivyo: ramani ingempa nahodha mita 3 za maji ambazo hazipo, naye angeziamini.

Ukitaka kazi hii, anza na jiospeshia au jiomatiki. Chuo Kikuu cha Nairobi na JKUAT wanafundisha. Baadaye utafute kozi inayotambuliwa kimataifa, Daraja A au B. Huna karo? Pakua QGIS na data ya GEBCO ya sakafu ya bahari, zote bure, ujifunze kuisoma ramani.

Mimi nimeandika barua ya kuomba kurudi chuoni. Hesabu bado ni ngumu, lakini sasa najua ni za nini.

Na ukiandika saa, andika ni saa ya nani.