Je, Wajua? Kuacha Muunganisho Wazi Huweza Kuiponza Programu

Je, wajua kwamba kabla tovuti haijakuletea hata herufi moja, simu yako na seva ya tovuti hiyo zimeshapigiana hodi? Kwa kawaida simu hutuma pakiti iitwayo SYN, ndiyo hodi. Seva hujibu kwa SYN-ACK, ndiyo karibu. Simu huitikia kwa ACK, kisha mazungumzo huanza. Hatua hizo tatu ni za TCP, itifaki iliyotokana na kazi ya Vint Cerf na Bob Kahn ya mwaka 1974 na kupewa maelezo yake rasmi mwaka 1981.

Hodi hiyo ina gharama, na gharama yenyewe ni safari. Chukua seva iliyo ng'ambo na mawasiliano yanayopita kwenye setilaiti, kama ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki kabla ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009. Setilaiti ya namna hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe upande, ushuke, jibu lipande, lishuke: hata kwa kasi ya mwanga, kwenda na kurudi huko hula karibu nusu sekunde.

Sasa piga hesabu, safari moja ikiwa ni kwenda na kurudi. Hodi, safari moja. Kukubaliana funguo za siri kwa TLS 1.2, safari mbili. Ombi lenyewe na jibu lake, safari moja. Jumla nne, karibu sekunde mbili, na katika hizo sekunde moja na nusu imeishia kwenye salamu. Mikongo ya baharini imeifupisha mno kila safari, lakini idadi ya safari ilibaki ileile hadi TLS 1.3 ilipotoka mwaka 2018 na kupunguza moja.

Faida ya kutokata

Katika HTTP 1.0, itifaki ya kuomba kurasa za tovuti iliyoandikwa rasmi mwaka 1996, desturi ilikuwa ombi moja, muunganisho mmoja. Ukurasa wenye picha kumi ulihitaji hodi kumi na moja. HTTP 1.1, iliyotangazwa Januari 1997, iligeuza desturi: muunganisho ubaki wazi baada ya jibu, na anayetaka kuukata aseme hivyo kwa maneno "Connection: close". Huu ndio muunganisho wa kudumu, ambao wahandisi huuita keep-alive.

Kuokoa hodi si faida yake pekee. Muunganisho unaoendelea kutumika huwa umeshaijua njia. Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilicho jirani, umbali wa yadi 400 tu, yalizorota kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kompyuta zilikuwa zikirudia kutuma pakiti zilizopotea na kuzidi kuisonga njia ambayo tayari ilikuwa imesongwa. Mtafiti Van Jacobson aliueleza ugonjwa huo na dawa yake mwaka 1988: kila muunganisho mpya uanze kwa kutuma kidogo, uongeze kadiri majibu yanavyorudi salama. Kwa kawaida leo huanza na pakiti 10, kama baiti 14,600 hivi. Unaoanza upya unarudi kwenye kujipima. Uliokwisha kupima unaendelea na kasi yake.

Yupo pia anayeumia kwa kukata ovyo. Upande uliotangulia kufunga muunganisho huitunza poti yake, yaani namba ya mlango wake wa mawasiliano, kwa muda, ili pakiti zilizochelewa zisije zikaingia kwenye mazungumzo mengine. Mfumo endeshi wa Linux huitunza kwa sekunde 60, na kwa kawaida una poti 28,232 za miunganisho ya kwenda nje. Gawanya: programu inayofungua na kukata mfululizo ikielekea seva moja itakwama ikizidi miunganisho 470 hivi kwa sekunde, hata kama kichakataji na kumbukumbu havina kazi.

Mwisho usioafikiwa

Kwa hiyo kuacha wazi ni vizuri. Tatizo ni kwamba katika HTTP 1.1 kila upande huamua wenyewe utavumilia ukimya hadi lini. Seva ya Apache, isipobadilishwa, hufunga baada ya sekunde 5 bila ombi jipya. Nginx husubiri sekunde 75. Katikati ya njia kuna vifaa vya kukagua na kugawa mzigo, navyo vina saa zao, na baadhi huusahau muunganisho uliokaa kimya bila kumwambia yeyote.

Matokeo yake ni hitilafu ngumu kuinasa. Seva inaamua kufunga na kutuma taarifa. Taarifa ikiwa bado njiani, programu inatuma ombi kupitia muunganisho uleule. Vikipishana, programu hupata jibu la kukataliwa bila kujua kama ombi lilisomwa. Kwenye majaribio, maombi hufuatana haraka na tatizo halionekani. Huja saa za usiku, wateja wakiwa wachache na kimya kikiwa kirefu.

Usidhani keep-alive ya TCP itakuokoa. Hiyo ni kitu kingine chenye jina hilohilo: pakiti ndogo ya kuulizia kama mwenzako bado yupo. Mara nyingi haijawashwa, na ikiwashwa bila kurekebishwa husubiri saa mbili nzima kabla ya kuuliza mara ya kwanza.

Jalizi halimiliki maisha yake

Hatari hiyo hujitokeza pia katika programu-jalizi, yaani kipande cha programu kinachopachikwa ndani ya mfumo mkubwa. Katika mfumo wa biashara wa Microsoft, Dynamics 365, jalizi linaweza kuamshwa pale karani anapohifadhi oda, liulize seva ya nje kama mzigo upo, kisha limalize kazi. Haliamui liamshwe lini wala lifanye kazi kwenye seva ipi. Mfumo hulipatia dakika mbili tu; zikipita, hulikatiza. Kama lilikuwa sehemu ya uhifadhi wenyewe, oda nzima hurudi ilikokuwa.

Muunganisho wa kudumu hulipa kuanzia ombi la pili. Jalizi linalouliza mara moja na kuondoka halina ombi la pili. Linachoacha ni muunganisho usio na mwenyewe, na siku mfumo utakapouokota kuutumia tena, huenda upande wa pili uliufunga zamani. Ndiyo maana Microsoft huwashauri waandishi wa majalizi hayo waizime keep-alive wanapoita huduma za nje, ushauri ambao mwandishi aliyezoea HTTP 1.1 huona kama umepinduka.

Huwashauri pia wapunguze muda wa kusubiri. HttpClient, kifaa cha kawaida cha kuita seva katika .NET, jukwaa la Microsoft la kuandikia programu, husubiri jibu sekunde 100 isipoambiwa vingine. Ukiwa na sekunde 120 za uhai, kutumia 100 kusubiri seva iliyokwama ni kujinyima nafasi ya kumweleza karani kilichotokea. Mfano wa Microsoft ni sekunde 15.

Huduma inayokesha ikifanya kazi mwezi mzima hufuata kinyume cha hayo. Hiyo ishike miunganisho michache na kuitumia tena na tena, ikiweka muda wake wa kuiacha wazi kimya kuwa mfupi kuliko wa seva, ili yenyewe iwe ya kwanza kufunga. Na iupe kila muunganisho ukomo wa umri, maana muunganisho uliokwisha kufunguliwa hauulizi tena anwani: seva ikihamishwa, wenyewe utaendelea kwenda kulekule kwa zamani.

Kurudia, lakini kwa tahadhari

Muunganisho ukikatika katikati ya ombi la kusoma bei, rudia, hakuna hasara. Ombi la kumtoza mteja ni jambo jingine. Jalizi la duka la mtandaoni lililotuma ombi la malipo na kukatikiwa halijui kama pesa zimetoka, na kurudia kunaweza kumtoza mtu mara mbili. Kanuni za HTTP hukataza kurudia maombi ya aina hiyo kwa mazoea. Huduma za malipo kama Stripe hupokea ufunguo wa kipekee pamoja na ombi: ukija tena na ufunguo uleule, hurudishiwa jibu la kwanza badala ya kutozwa upya.

Itifaki zenyewe nazo zimekomaa. Katika HTTP/2, iliyotoka mwaka 2015, seva inayotaka kufunga hutuma ujumbe uitwao GOAWAY wenye namba ya ombi la mwisho ililoshughulikia au huenda ililishughulikia. Yaliyo juu ya namba hiyo hayakuguswa, hivyo ni salama kuyatuma upya. QUIC, iliyoandikwa rasmi mwaka 2021 na ambayo hubeba HTTP/3, imekwenda mbali zaidi: wakati wa kufungua, kila upande unaweza kutangaza utavumilia ukimya kwa muda gani, na muda mfupi kati ya miwili ndio unaofuatwa.

Hata hivyo, QUIC haiwezi kujua kama jalizi lililofungua muunganisho litakuwapo sekunde kumi baadaye. Hilo analijua mwandishi wake, na ndilo swali la kujibu kabla ya kuamua kuacha wazi au kukata: je, kuna ombi la pili?