Zamu ya nani katika picha hii?

Ni desturi yetu sisi walimu kulalamika kwamba simu zimewapumbaza watoto. Nami nimo katika kundi hilo. Hata hivyo, likizo iliyopita binti yangu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane, alinipa funzo ambalo si haki kulificha.

Alikuwa ameagizwa kupiga picha za vitu vya nyumbani kwa maudhui aliyoyachagua mwenyewe. Akachagua bahari. Akalitoa uvunguni bao la marehemu baba yangu, akalipangusa vumbi na kulitandikia kitambaa cha buluu. Mashimo yote 32 akayajaza kete, na zilipopungua akaongeza simbi. Juu yake akasimamisha matanga ya karatasi, yakawa majahazi. Picha ilipendeza, nami nikamsifu.

Jioni alikuja ami yangu, mzee pekee aliyesalia katika kizazi cha baba. Binti akamwamkia shikamoo, kisha akampa picha aitazame. Mzee akavaa miwani, akaikazia macho kitambo, akauliza: "Zamu ya nani hapa, mjukuu wangu?"

Hatukuwa na jibu, mimi wala mwanangu.

Msomaji asiyelijua bao la Kiswahili huenda akadhani mzee alikuwa na inda. La hasha. Bao lina kete 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Mchezo uanzapo, kete 6 hukaa katika nyumba, shimo la tano kutoka kushoto kwa mchezaji katika safu yake ya mbele. Mashimo mawili yanayofuata kuliani hupata kete 2 kila moja, na 22 zilizobaki hushikwa mkononi. Hizo hunamuliwa moja moja. Zikiisha, huanza mtaji. Kwa hivyo mjuzi akilitupia bao jicho hutambua mchezo umefika wapi na nani yumo hatarini. Picha yetu ilikuwa kama barua yenye mwandiko mzuri isiyokuwa na neno hata moja.

Waama, fedheha ilikuwa yangu. Bao nililirithi; kucheza sikurithi. Baba alicheza barazani, Mji wa Kale wa Mombasa, alasiri nyingi za maisha yake, na michezo yake yote imekwenda naye. Wenzetu wa sataranji huandika kila hatua. Ndiyo maana mchezo wa Anderssen na Kieseritzky, uliochezwa London mwaka wa 1851, unaweza kurudiwa leo na mtoto yeyote mwenye ubao. Wa baba hauwezi.

Tulimsihi ami atufundishe, naye akaja jioni tatu mfululizo. Siku ya nne, asubuhi, binti akapiga picha upya. Kitambaa cha buluu kilibaki, maana bahari ilikuwa bado bahari yake. Matanga na simbi viliondolewa. Aliliweka bao kando ya dirisha ili mwanga uingie kwa ubavu na kila shimo lipate kivuli chake. Mwanga wa simu aliuzima, kwani ukimulika kutoka mbele hufuta vivuli na mashimo huonekana kama madoa. Akarundika vitabu pande mbili, akalaza rula juu yake na kuiegemeza simu ielekee chini, ili kila kete ihesabike. Kisha akainama hadi usawa wa meza, akaunasa mkono wa mzee ukiwa na kete moja, haujaiachia.

Isitoshe, alipiga picha moja kila baada ya zamu. Usiku akazifuata moja baada ya nyingine, akaupanga mchezo upya mbele yetu hadi pale ami alipokosea. Mzee alikana katakata kwamba hakucheza hivyo. Picha zikamwumbua, naye akacheka mpaka akatokwa na machozi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, unatutaka tuwahusishe wazazi katika kazi za watoto. Aghalabu mzazi huishia kununua karatasi za rangi. Lakini bao kama hili lina ndugu zake bara: ajua kwa Waluo, giuthi kwa Wakikuyu. Katika nyumba nyingi yumo mzee anayezijua kanuni na hajawahi kuulizwa. Mtoto atakayepiga picha ya mchezo kwa uangalifu hana budi kuujifunza kwanza, na kuujifunza ni lazima aketi na mzee huyo.

Simlaumu binti yangu kwa majahazi yake. Ubunifu ni jambo jema, mradi usikifunike kitu chenyewe. Picha ya pekee niliyo nayo ya baba ni ile ya kitambulisho: uso umekazana, na mikono iliyocheza bao haimo. Ya ami sasa tunayo.

Mwalimu mwenzangu, mwanafunzi akikuletea picha ya mchezo wa kwao, usiharakishe kumpa alama kwa rangi zake. Muulize kwanza swali la mzee.