Kutu Hula Palipofichika: Sakafu ya Pikapu ya Land Rover

Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado na uhaba wa chuma baada ya vita. Ndiyo sababu bodi yake ikaundwa kwa mabati ya aloi ya alumini. Lakini ukuta unaotenganisha injini na kabini ulibaki wa chuma, pamoja na sehemu mbili za sakafu ambamo dereva na abiria huweka miguu. Kwenye pikapu kuukuu za Mombasa, Tanga au Unguja, hapo ndipo matundu yanapoanzia.

Kutu ni kazi ya umeme. Chuma kikikutana na maji na oksijeni, atomu zake hupoteza elektroni sehemu moja na kuyeyukia majini zikiwa ayoni. Elektroni hizo hupita ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, zikapokewa na oksijeni na maji. Chumvi huyafanya maji yapitishe mkondo vizuri zaidi. Tena, unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi hufyonza mvuke na kugeuka majimaji, na usiku wa pwani hufikia kiwango hicho mara nyingi. Gari lililoegeshwa bandani bila kunyeshewa bado huliwa.

Katika miaka ya 1920, mwanakemia Ulick Evans wa Cambridge alichunguza tone la maji ya chumvi juu ya bamba la chuma. Chuma kililiwa katikati ya tone, ambako oksijeni ni haba, wala si ukingoni, ambako hewa huingia kwa urahisi. Penye oksijeni hupokea elektroni. Pasipo nayo ndipo panapozitoa, na kuliwa. Hii ndiyo siri ya sakafu ya pikapu. Chuma huoza chini ya mkeka wa mpira, ndani ya maungio ya mabati mawili na nyuma ya tope lililoganda karibu na gurudumu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ikayasukuma mabati yaachane na kukaribisha maji zaidi.

Kwa hiyo kiraka kinachopachikwa juu ya bati bovu, kikafunikwa kwa puti na rangi, hakiponyi kitu. Kinaongeza ufa mpya usio na hewa, na chuma kitaendelea kuoza humo bila kuonekana. Dawa ni kukata hadi chuma kizima, kinachong'aa kikisuguliwa, kisha kukutanisha kingo za bati jipya na la zamani bila kuzipandanisha.

Kabla ya kuchomelea, ondoa betri pamoja na tangi la mafuta: kwenye nyingi ya pikapu hizi za zamani tangi liko chini ya kiti, hatua chache tu kutoka kwenye cheche. Ukuta huohuo wa chuma ndio unaobeba bawaba za milango, hivyo fungia vyuma vya kuushikilia na ukate upande mmoja kwanza. Ukuta ukisogea, milango haitafunga sawasawa tena. Bati jembamba hupanuka likipata moto na kujikunja likipoa. Fundi makini huchomelea nukta fupifupi, akihama upande hadi upande na kuacha kila sehemu ipoe.

Mahali ambapo mabati lazima yalaliane, paka rangi yenye zinki kabla ya kuchomelea. Zinki hutoa elektroni kwa wepesi kuliko chuma, hivyo huliwa yenyewe na kukiacha chuma salama. Lakini huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Mafusho yake huleta homa na kutetemeka, kwa hiyo kazi hii hufanywa penye hewa, fundi akivaa barakoa ya mafusho. Mwishoni maungio yote huzibwa, na nta hupuliziwa ndani ya mashimo yasiyofikiwa na brashi.

Mwenye gari anapopatana bei na fundi, asilipie mng'ao wa rangi. Alipie saa za kukata na kusafisha, na aombe kuiona sakafu ikiwa wazi kabla haijapakwa chochote. Hapo ndipo inapojulikana kama gari limetibiwa au limefunikwa.