Kudeka na Kuzidiwa: Istilahi za Malezi ya Mtoto Mwenye Usonji na Utukutu

Miaka michache iliyopita nilikabidhiwa kazi ya kufasiri kijitabu cha wazazi wenye watoto wa usonji. Kurasa zilikuwa chache, na kazi niliimaliza kwa juma moja. Mahali palipoeleza jinsi mtoto anavyopiga mayowe, kujigonga kichwa na kujigaragaza pindi kelele au mabadiliko yanapomlemea, niliandika "hasira". Kijitabu kikasambazwa.

Haikupita miezi miwili akafika ofisini mama mmoja. Mwanawe wa miaka saba ana usonji, na pia ana ile hali iitwayo kwa herufi za Kiingereza ADHD. Kila akipelekwa penye mashine ya kusaga huziba masikio, akalia, akajibwaga chini. Baba yake alikisoma kijitabu changu, akakuta neno "hasira", akasema kwamba dawa ya hasira za mtoto inajulikana tangu enzi za mababu. "Mwanangu," aliniambia yule mama bila ukali, "neno lako limempa mume wangu fimbo."

Sikuwa na la kumjibu. Makala haya yametokana na siku ile.

Dhana mbili hapa hazina budi kutenganishwa. Mtoto anayedeka ana haja yake. Hulia huku akitupia jicho kuona kama mama anatazama. Hujibwaga pasipo mawe. Akipewa alichotaka, hunyamaza papo hapo. Mtoto aliyelemewa hana analotaka. Vitabu vyetu vya shule vilizoea kuzitaja hisi kuwa ni "milango ya fahamu", na msemo huo wafaa sana hapa: kwa watoto wengi wenye usonji milango hiyo haifungiki kwa urahisi, na mlio ambao sisi tunausahau baada ya dakika moja unaendelea kuingia kwa nguvu ile ile. Hata ukimpa mtoto huyo peremende atalia, kwani hakuililia peremende.

Kwa hali hii ya pili ninapendekeza neno "kuzidiwa". Tazama sarufi yake: deka ni kauli ya kutenda, na zidiwa ni kauli ya kutendwa. Anayedeka anafanya jambo, aliyezidiwa amefanyiwa. Mwenzangu mmoja alinipinga akisema kwamba neno hilo tayari ni la mgonjwa aliye taabani. Naam, na ndiyo maana nalitaka. Hakuna Mswahili anayesikia "amezidiwa" akatafuta fimbo. Hutafuta maji, kivuli na nafasi ya kumlaza mtu.

Na hivyo ndivyo inavyotakiwa kutendwa. Mtoto aliyezidiwa huondolewa penye kelele, au kelele huondolewa; anayemlea hupunguza maneno, hukaa karibu, huzuia asijiumize, husubiri. Mafundisho huja baadaye akiisha tulia, kwa kuwa wakati ule hayaingii. Anayedeka naye hapewi alicholilia, lakini husifiwa mara aombapo kwa utulivu. Mtu akibadilisha matibabu haya mawili, hali huharibika pande zote.

Si sisi tu tuliokosea majina. Mwaka 1902, mjini London, tabibu George Still alihutubia Chuo cha Kifalme cha Matabibu juu ya watoto wasiotulia wala kuzingatia jambo, na katika maelezo yake aliuona upungufu wao kuwa uko katika kujitawala kimaadili. Ilipofika mwaka 1968 mwongozo wa matabibu wa akili wa Marekani ulitaja wingi wa mwendo. Mwaka 1980 ukatanguliza umakini. Kutoka maadili, kwenda viungo, hadi umakini: miaka 78. Neno la usonji nalo lilihama. Eugen Bleuler alilitunga lile la asili mwaka 1911 kutokana na Kiyunani chenye maana ya "mwenyewe", akiwaelezea wagonjwa wa akili. Leo Kanner akalitumia mwaka 1943 kwa watoto 11 aliowachunguza nchini Marekani. Wako wanaosema "tawahudi", kwa kufuata Kiarabu. Silichukii, ila masikioni mwa watu wa pwani liko karibu mno na "tauhidi", na usonji umekwisha kuenea.

Kwa ADHD hatujatulia. "Upungufu wa umakini" hupotosha: mtoto huyo huyo aweza kukaa saa tatu akifungua na kufunga redio mbovu. Umakini anao, kinachomshinda ni kuuelekeza atakiwapo. "Utukutu" watu huukwepa kwa kuwa umekuwa tusi, lakini ndani yake mna kitenzi tukuta, yaani kutotulia, kuhangaika kwa viungo. Hakitaji ukaidi hata kidogo. Ningependa tulisafishe neno hili kuliko kulitupa.

Hadi mwaka 2013 mwongozo ule wa Marekani haukuruhusu hali hizi mbili kutajwa pamoja kwa mtoto mmoja. Wazazi walikwisha kuziona. Ugumu ni kwamba zinavutana: usonji hutaka siku ifanane na jana, utukutu huchoka na jana. Ratiba ya picha ukutani, yaani kuoga, chai, mchezo, shule, humpa mtoto utaratibu. Basi mpangilio ubaki vile vile, na mchezo wenyewe achague kati ya miwili. Vijitabu vingi husema mtoto apewe "onyo" dakika tano kabla ya kubadilisha shughuli. Onyo kwetu ni tisho. Apewe taarifa.

Neno la mwisho ni "tuzo", ambalo wazazi hulichanganya na hongo. Hongo hutangulia, ili kelele zikome. Tuzo tunaijua ngomani: mchezaji hutunzwa pale pale anapocheza, noti ikiwa mkononi mwake kabla wimbo haujaisha, hakuna amwambiaye arudi Ijumaa. Mtoto mtukutu anahitaji hivyo hasa, kwani malipo ya mbali hayamvuti. Mwenye kuahidi baiskeli mwisho wa muhula amepoteza baiskeli. Sifa ya sasa hivi, tena itaje jambo lenyewe ("umeweka kikombe mezani, vizuri"), hufanya kazi zaidi.

Kichwa cha kijitabu chetu kilisema "Kudhibiti Tabia". Tunadhibiti magendo na kipindupindu. Nimeandika "Kuongoza Tabia", ingawa mhariri bado ananung'unika.

Katika kuandaa toleo la pili nimelifuta neno "hasira" mahali kumi na moja nikaweka "kuzidiwa". Mahali pawili nimeliacha, kwa sababu hapo mtoto amenyang'anywa kitu chake na nduguye, naye amekasirika kweli, kama mtoto mwingine yeyote.