Kila Mpigaji na Sauti Yake: Okestra Ndogo za Muziki Mpya

Okestra ndogo ya muziki mpya ni kundi la wapigaji kati ya kumi na thelathini hivi, linalopiga kazi za watunzi walio hai na wale wa karne ya 20. Muziki wake huandikwa kwa nota kama ule wa Bach na Mozart. Tofauti yake kubwa na okestra ya watu mia ni kwamba aghalabu kila mpigaji hushika sehemu yake peke yake.

Mwanakwaya wa Mpui, kule Ufipa, ataelewa mara moja uzito wa jambo hilo. Kwaya ikiwa na watu kumi wa sauti ya pili, mmoja akikosea, wenzake humfunika. Wakibaki wanne, mmoja kwa kila sauti, kosa dogo husikika mpaka mlangoni. Katika taarab ya Unguja pia fidla kadhaa hufuata wimbo mmoja kwa pamoja. Katika okestra ndogo fidla ya kwanza haina pa kujificha.

Mtindo huu ulipata sura yake mwaka 1906, Arnold Schoenberg wa Vienna alipotunga simfonia ya wapigaji 15 tu: wanane wa ala za mbao za kupuliza, wawili wa honi, na watano wa nyuzi. Wakati huo watunzi wengi walikuwa wakiongeza wapigaji. Yeye aliwapunguza, na kila uzi wa sauti ukasikika wazi. Makundi ya kudumu yalifuata baadaye: London Sinfonietta mwaka 1968, Ensemble intercontemporain ya Paris, iliyoanzishwa na Pierre Boulez mwaka 1976 na yenye wapigaji 31, kisha Ensemble Modern ya Ujerumani mwaka 1980, ambayo wanamuziki wenyewe ndio wanaoiendesha.

Kazi ya makundi haya ni zaidi ya kupiga. Huagiza tungo mpya, humlipa mtunzi, na humwita mazoezini. Hapo mtunzi huweza kumwomba mpigaji wa selo agonge ubao wa ala yake, au mpuliza filimbi atoe pumzi bila sauti, kisha akabadilisha nota papo hapo. Muziki ambao haujapigwa popote hauna kanda ya kuigiza, hivyo mazoezi huwa mengi.

Afrika Mashariki imeingia humu kwa mlango wa kundi dogo zaidi, la ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola na selo. Justinian Tamusuza, Mganda aliyezaliwa mwaka 1951, alitunga kazi ya ala hizo nne iitwayo Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani "Katika Njia ya Msalaba". Kundi la Kronos Quartet la Marekani liliirekodi sehemu yake ya kwanza katika albamu ya Pieces of Africa, iliyotoka mwaka 1992 ikiwa na kazi za watunzi saba wa Afrika.

Kazi hiyo imejengwa juu ya muziki wa Kiganda, na hapa amadinda inasaidia kueleza. Ni marimba ya mbao 12, na hupigwa na watu watatu. Wawili hukaa wakitazamana. Mmoja hupiga mfululizo wake kwa mwendo usiobadilika, wa pili huingiza nota zake katikati ya zile za mwenzake, na wa tatu, kwenye mbao mbili za juu kabisa, huokota nota fulani kutoka kwao. Msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wa watatu hao anayezipiga. Huo ndio ustadi uleule unaotakiwa katika kundi dogo la nyuzi: kushika sehemu yako huku sikio likiwa kwa jirani.

Mwalimu wa kwaya anayetaka kuujua muziki huu aanze na kazi hiyo ya Tamusuza. Mara ya kwanza aifuate selo peke yake; mara ya pili azisikilize zote nne.