Gunia la Korosho na S ya Kiingereza

Mwanafunzi wa Msimbati anapoingia kidato cha kwanza, upatanisho wa kisarufi ameuzoea tangu utotoni. Kitabu kimeanguka, vitabu vimeanguka: hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Anajua hata kwamba kiboko wa Ruvuma, pamoja na ki- yake, ameupindua mtumbwi, si kimeupindua. Kama nyumbani husemwa Kimakonde, basi ana mfumo wa pili wa ngeli kichwani. Kisha anaambiwa, tena kwa Kiingereza, kwamba leo kuna somo jipya: kiima na kitenzi lazima vipatane.

Upya wenyewe uko kwenye ubahili tu. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vya nafsi vya kutosha. Vikapukutika, ikabaki s ya nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo, nayo ilitoka lahaja za kaskazini ikaisukuma nje "-eth". Shakespeare alizitumia zote mbili. Huko Norfolk, Uingereza, wapo wanaosema "he go" mpaka leo, na hawaitwi ubaoni.

Balaa ni kwamba s hiyohiyo ndiyo alama ya wingi wa nomino. "The boat goes", "the boats go": ikitoka huku inaingia kule. Mtoto aliyezoea vi- kufuatwa na vi- huandika "the boats goes", na kwa mantiki ya Kibantu amepatia, maana s imeitikiwa na s. Kalamu nyekundu haina habari hiyo. Mmakonde mwenzake wa ng'ambo ya kivuko cha Kilambo, upande wa Msumbiji, hukutana na Kireno shuleni. Huyo ana miisho mingi zaidi ya kukariri, ila mtego huu haumhusu.

Mazoezi tuliyozoea ni ya kujaza nafasi: baba yangu "go" au "goes" sokoni. Daftari linajaa vema, kosa linabaki mdomoni. Sentensi fupi kiasi hicho haimpi mtu kazi ya kukitafuta kiima. Mpe "the sack of cashew nuts", kisha achague "is missing" au "are missing". Wengi watavutwa na "nuts", kwa kuwa ndiyo jirani wa kitenzi. Hapo aanze na Kiswahili: gunia la korosho limepotea. Hakuna mtoto wa Mtwara atakayesema zimepotea, labda gunia lenyewe limerudi tupu. Li- imeshamwonyesha kiima. Kilichobaki ni kuchagua "is". Hata "every", inayowasumbua wengi, haina ugeni: kila mvuvi anajua, hatusemi wanajua, na Kiingereza nacho kinadai "knows".

Njia hii hukwama mahali pachache. Fedha za korosho zimechelewa, twasema kwa wingi, lakini "the money is late". "News" na "information" ni vivyo hivyo. Hayo yaandikwe kwenye karatasi, yabandikwe ukutani, yakaririwe.